Ramani ni ya Nani? Lukasa, Mustari wa Mufalme, na Jina la Musonoi

Mu vitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya mahari, matanga, majina ya watoto na heshima ya wakwe. Leo ninaleta kitu ambacho wengi hawakihesabu kati ya desturi: ramani, ile tunaitaka karte. Watu watasema karte ni kitu cha Wazungu, kitu cha shule na cha ofisi ya ardhi. Tutaona kama ni kweli.

Ulizo langu ni hili. Mutu akichora inchi ambamo watu wengine wanaishi, bila kuwauliza, kisha mchoro ule ukageuka sheria juu yao, amefanya nini? Ameandika tu, ao ameiba? Na watoto wa inchi ile wanaporithi mchoro ule, wakaupenda, hata wakakubali kufa kwa ajili yake, wanarithi nini?

Sisi watu wa Kolwezi ulizo hili linatuhusu kuliko wengi. Tunaishi juu ya ardhi ambayo imechorwa mara nyingi kuliko vile imelimwa.

1. Ramani ya mu mukono

Tuanzie nyumbani. Baluba wa kaskazini ya Katanga ya zamani walikuwa na kibao kinachoitwa lukasa. Ni kitu kidogo: lukasa moja yenye kujulikana sana, ile iko mu Brooklyn Museum kule New York, ina urefu wa karibu sentimeta 25. Katikati kibao ni chembamba kama kiuno. Upande wa mbele umepandwa shanga na vijiti. Upande wa nyuma umechongwa pembetatu na mistari, sawa gamba la kobe, kwa heshima ya Lolo Inang'ombe, mama wa kwanza na mlinzi wa chama cha Bambudye.

Bambudye njo walikuwa walinzi wa kumbukumbu ya ufalme. Mutu hakuingia mule siku moja akajua yote. Alipanda ngazi kwa ngazi, na siri za lukasa zilikuwa za ngazi ya juu. Wale waliofika huko waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Mwenye kusoma alishika kibao mu mukono wa kushoto, na kidole cha mukono wa kuume kilitembea juu ya shanga. Shanga moja kubwa yenye kuzungukwa na ndogo ilionyesha mukubwa na watu wake. Mustari wa shanga ulionyesha njia ao safari. Kidole kilipotembea, mudomo ulieleza: jinsi Nkongolo alivyotawala kwa ukali, jinsi muwindaji Mbidi Kiluwe alivyofika toka mashariki, na jinsi mwana wake Kalala Ilunga alivyoleta ufalme mutakatifu, bulopwe. Pamoja na historia kulikuwa na mahali penyewe: makao ya wafalme, maziwa, na pahali pa bavidye, roho wenye kulinda inchi.

Basi, hii ni ramani ao si ramani? Imechongwa, inaonyesha njia, inaonyesha pahali, na inasema nani ana haki ya kukaa wapi. Kama hiyo haiko karte, sijui karte ni nini.

Lakini kuko tofauti moja kubwa. Lukasa haiwezi kusomwa kimya kimya. Ukiiweka mu sanduku ya kioo kule New York, inakuwa mbao na shanga tu. Inahitaji mutu wa kuisoma, na inahitaji watu wa kusikiliza. Wachunguzi walioishi na Baluba, kama Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, ambao mu mwaka wa 1996 walitengeneza kule New York onyesho kubwa juu ya kumbukumbu ya Baluba, wameeleza kwamba kibao kile kile kiliweza kusomwa tofauti kufuata siku, mahali, na mambo yaliyo mbele ya watu. Mwenye kupenda tarehe ataona huo ni ulegevu. Mimi naona mule ndani kuko sheria: mwenye kusoma inchi anaisoma mbele ya watu wenye kuijua. Akisema uwongo juu ya mupaka wa mukubwa fulani, mutu wa mukubwa ule anaweza kuwa amekaa pale anamsikiliza.

2. Bamba ya shaba ya Roma

Sasa tuende mbali kidogo, juu tusidhani kwamba karte ya kuchapishwa ilianza na ukoloni. Karibu mwaka wa 1583, Álvaro wa Kwanza, mufalme wa Kongo kule magharibi, alituma mujumbe Ulaya. Alikuwa Mureno, mufanyabiashara, jina lake Duarte Lopes. Mufalme wa Kongo alikuwa Mukristo na alitaka kusema na Papa mwenyewe, bila sauti yake kupitia kila mara mu kinywa cha Wareno. Hiyo ilikuwa siasa ya mufalme mwenye akili.

Kule Roma, Lopes alieleza mambo ya Kongo kwa Mutaliano mumoja, Filippo Pigafetta, naye akayaandika. Kitabu kilichapishwa Roma mu 1591, pamoja na ramani za kuchongwa. Leo nakala zake ni adimu, na wenye kukusanya vitu vya zamani wanazitafuta sana.

Sisi watu wa shaba tusimame kidogo hapa. Ramani kama zile zilichongwa juu ya bamba ya shaba. Fundi alikata mistari kwa chuma chenye ncha, akapaka wino, akapangusa, wino ukabaki mu mifereji, kisha karatasi ikakandamizwa juu. Kwa miaka mia tatu na zaidi Ulaya ilichora dunia namna hiyo. Wakati huohuo, wazee wetu wa hapa walikuwa wanayeyusha shaba na kuimwaga mu umbo la musalaba, kuwa mali ya kuoa na ya kubadilishana. Metali ni ile ile. Kule iliandika inchi, huku ilifunga ndoa.

Ramani ile ya 1591 ina makosa mengi. Mu mioyo ya Afrika, ambamo mutu wa Ulaya hakuwa amefika, muchoraji ametia maziwa na mito kufuata masikizi. Lakini pamoja na makosa yake, mufalme wa inchi alikuwa na mukono ndani yake: habari zilitoka kwa mujumbe wake, aliyemutuma mwenyewe. Hatuwezi kusema alikuwa na neno la mwisho, juu aliyeandika alikuwa Mutaliano na aliyesikiliza alikuwa Roma. Ila alikuwa mutu mwenye kusema. Mbele ya hiyo karte, Mwafrika hakuwa bado nyasi ya kupita juu yake.

3. Mustari wa Leopold

Miaka mia tatu baadaye mambo yamegeuka. Mu mwaka wa 1884 Leopold wa Pili, mufalme wa Ubelgiji, anatafuta dola yake mwenyewe mu Afrika. Hana jeshi kubwa. Ana franga, ana Stanley, na ana ramani. Mipaka aliyoonyesha Ujerumani mu mwaka ule haikuingiza Katanga yetu yote. Kisha, mwisho wa mwaka, wakati wa kubishana na Ufaransa juu ya inchi za karibu na bahari, alichukua ramani tena na kusukuma mustari kusini, mpaka ku milima inayogawa mayi ya Kongo na mayi ya Zambezi. Alichopoteza upande mumoja alijilipa upande mwingine. Mu Agosti 1885, wakati Dola Huru ya Kongo ilipotangazia mataifa makubwa mipaka yake, Katanga ilikuwa ndani. Uingereza ilipata karatasi na haikupinga wakati ule.

Sasa fikiria. Mu 1885 ku Bunkeya alitawala Msiri, Mwenda, mukubwa wa Bayeke. Shaba, pembe na watumwa vilipita mu mikono yake kwenda Angola na ku bahari ya Hindi. Ku magharibi Balunda walikuwa na Mwant Yav wao. Hakuna hata mumoja wao aliyeulizwa. Hakuna hata askari mumoja wa Leopold aliyekuwa amefika Bunkeya. Kwa miaka sita Msiri alikuwa, ku karatasi, mutu wa mufalme ambaye hakumuona kamwe, naye hakujua.

Mu Novemba 1890 Alfred Sharpe alifika Bunkeya kwa ajili ya Waingereza, na mukataba mukononi. Msiri alikataa. Hapa kuko fundisho. Mukataba, hata kama ni wa uwongo, lazima uletwe mbele ya mutu, na kwa hiyo mutu anaweza kuukataa. Ramani haikuletwa mbele ya mutu. Haikuomba sahihi yake, haikumupa nafasi ya kusema hapana. Mu 1891 watu wa Leopold walifika mumoja nyuma ya mwingine: Le Marinel, Delcommune, mwishoni Stairs. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na Kapiteni Bodson, naye Bodson akafa pia. Mustari uliochorwa kwa kalamu kule Ulaya ulifika Bunkeya kwa bunduki. Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza na Dola ya Leopold zikapatana juu ya mipaka, na karatasi ikatulia.

Hivi njo ninajibu sehemu ya kwanza ya ulizo. Kuchora peke yake si wizi. Mwana wa shule anachora Ulaya na haibi kitu. Wizi unaanza pale muchoraji anapochukua mchoro wake kama haki, na wale walio ndani ya mchoro hawana pahali pa kusimama na kusema: hapa umedanganya.

4. Na wakubwa wetu?

Najua mwenye kusoma atauliza: wakubwa wetu wenyewe walikuwa safi? Tusijidanganye. Lukasa ilikuwa chombo cha mufalme. Bambudye walilinda jina la mulopwe, na mu hadisi ya Kalala Ilunga ni mushindi anayeeleza. Nkongolo hana lukasa yake. Mwanamuke mulimaji wa kando ya Lualaba, mutumwa aliyeuzwa, hawana shanga yao. Na Msiri tunayemulilia alikuwa mwenyewe mugeni: wazazi wake walitoka Unyamwezi, mu Tanzania ya leo, naye aliwaweka wakubwa wa Basanga chini yake kwa bunduki. Alipouawa, Basanga walikuwa tayari wamemuasi, mu mwaka ule ule. Kuko watu walioshangilia.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ramani ya mweusi ni njema na ya mweupe ni mbaya. Hiyo ingekuwa siasa ya watoto. Kipimo lazima kiwe kingine, na mimi nakiona mu ile lukasa yenyewe, pamoja na dhambi zake: muchoraji anajibu mbele ya nani? Musomaji wa lukasa alijibu mbele ya watu wa baraza, wanaojua mito na makaburi kwa majina. Msiri, pamoja na ukali wake, aliishi kati ya wale aliowatesa, na uasi wa Basanga ulimufikia mulangoni. Leopold alijibu mbele ya Berlin, Paris na London. Hakukanyaga Kongo hata siku moja mu maisha yake. Uasi wa nani ungemufikia Laeken?

Umbali huo njo ubaya wenyewe. Mufalme mukali mwenye kuishi karibu anaweza kuogopa. Mufalme wa mbali, hata akiwa na adabu ya meza na maneno ya kupinga utumwa, hana cha kuogopa, juu watu wake ni rangi ku karatasi.

5. Tunarithi nini?

Sehemu ya pili ya ulizo ni ngumu zaidi. Ule mustari wa Leopold njo mupaka wa kusini wa inchi yetu leo. Bila ule, pengine tungekuwa watu wa Cecil Rhodes, na leo tungekuwa Wazambia. Tunaimba wimbo wa taifa ndani ya mupaka ule. Wakati wa kujitenga kwa Katanga, 1960 mpaka 1963, watu walikufa juu ya kuuvunja na wengine juu ya kuulinda. Mu vita vya 1978 Kolwezi yenyewe iliona damu. Mutu wa Kolwezi akisikia kwamba kipande cha inchi kule mashariki kimechukuliwa, moyo unamuuma, ijapokuwa hajafika kule. Anaumia juu ya ramani ambayo mufalme wa mbali alichora.

Je, tunapenda mali ya wizi? Kuko wanaosema: ndiyo, na kwa hiyo mipaka yote ivunjwe. Kuko wanaosema: yaliyopita yamepita, ramani ni ramani. Mimi nakataa yote mawili. Mu desturi zetu, mutoto aliyezaliwa mu ndoa iliyoanza vibaya haitwi kosa. Kosa linabaki kwa waliolifanya, na jamaa inakaa chini, inatengeneza, inalipa kinacholipwa; mutoto anapewa jina na anakuwa wetu. Kongo ni mutoto wa namna ile. Tumempa jina kwa jasho letu na kwa wafu wetu. Ila kumupenda mutoto hakumufanyi muvunjaji wa nyumba kuwa muposaji. Mutu anayesema Leopold alikuwa baba wa inchi, juu tu inchi inaishi, amechanganya mambo hayo mawili.

Na kuko jambo lingine: kurithi ramani ni kurithi pia ile tabia ya kuchora toka mbali. Kinshasa nayo imetuchora. Mu 1971 Katanga iliamka imeitwa Shaba. Mu 1997 ikalala Katanga tena. Mu 2015 ikakatwa vipande vine, na sisi tukajikuta mu jimbo la Lualaba, na Kolwezi njo kichwa. Wengi walifurahi, na furaha yao ina sababu. Lakini uliza jirani yako: nani alikuja kukaa chini ya muti, akaeleza mustari utapita wapi na juu ya nini?

6. Musonoi ni nini?

Tufike sasa mulangoni. Musonoi ni nini? Kwa wazee ni muto. Kwa watoto wa Gécamines ni kartie, nyumba za mustari mumoja, shule, uwanja wa mupira, pahali mutu alizaliwa. Kwa wajuzi wa mawe, Musonoi ni pahali pa kujulikana dunia nzima: kati ya 1965 na 1971 mawe mane mapya ya uranium na selenium yalielezwa mara ya kwanza toka machimbo yetu. Majina yao ni guilleminite, demesmaekerite, marthozite na derriksite. Guillemin alikuwa mujuzi Mufaransa. Demesmaeker, Marthoz na Derriks walikuwa wakubwa wa Union Minière. Ndivyo vitabu vya mawe vya dunia vinavyoitaja Musonoi mpaka leo. Mutu aliyeshuka mu shimo na nyundo hana jiwe lenye jina lake.

Na mu Kadastre ya Migodi, ile ilitoka mu sheria ya 2002, Musonoi ni kare. Inchi nzima imegawanywa kare kare, kila moja karibu hektari 85, mistari yake imenyooka sawa daftari ya hesabu. Ile ni kazi nzuri kwa upande wake: inazuia watu wawili kuuziwa shimo moja. Lakini kare haioni muembe wala kaburi. Sheria inasema mwenye haki ya kuchimba anapaswa kulipa fidia kwa mwenye kukaa juu. Fidia ya nyumba inaweza kuhesabiwa. Fidia ya jina haina hesabu. Kijito kikiisha kuingia mu shimo, na wale waliokijua wakafa, hata ukitaka kuiba jina lake hulipati tena.

Sisemi machimbo yafungwe. Wengi wetu tumesoma na franga ya shaba, na mwenye kula ugali hatukani moto. Ninasema kwamba ramani ya namna ya lukasa haijaisha kazi yake. Chama chetu kinaweza kuanza hata bila franga nyingi. Wachukue vijana wa sekondari, waende na wazee, watembee Musonoi na kando zake, waandike ku karte moja kubwa jina la kila kijito, kila kichuguu kikubwa, kila kaburi, kila njia ya zamani, na la kila kampi ya wafanyakazi iliyohama. Wasiifungie mu kabati. Mara moja kila mwaka isomwe kwa sauti mbele ya watu, mwenye kukosoa akosoe, Musanga na Mulunda, Muluba na Muchokwe, na pia mwana wa kasaisien aliyezaliwa hapa. Tutabishana, na ubishi ule njo kazi yenyewe.

Kisha siku mutu wa mbali akija na karte yake, ao akituma karte bila kuja, kutakuwa na kitu cha kuweka kando yake ku meza. Ofisi inaweza kutukatalia. Lakini haitaweza tena kusema kwamba pale ilipochora hapakuwa na mutu.